Ni Nani Alaye Mabua? Utafiti wa Robert Hungate katika Tumbo la Ng'ombe

Kila aliyewahi kusimama machinjioni alfajiri ameona jinsi tumbo la ng'ombe lilivyo kubwa. Mchinjaji akishalipasua, humwagika rundo la majani yaliyosagika nusu, pamoja na maji ya kijani kilichofifia yatoayo mvuke na harufu kali ya kitu kilichochacha. Watu wengi huyahesabu kuwa ni uchafu wa kutupwa shimoni. Lakini kama mtu angechota kijiko kimoja tu cha chai cha maji hayo yangali moto, akayatazama kwa hadubini, angekuta humo bakteria wapatao bilioni 50, idadi inayozidi mara sita ya watu wote walioko duniani leo. Na baina yao angeona protozoa, ambao ni wakubwa zaidi, wakiogelea malaki kwa malaki.

Mkazi wa namna hii, yaani kiumbe asiyeonekana kwa macho matupu, katika makala haya tutamwita kijidudu. Neno hili kwa kawaida hutukumbusha maradhi. Hapa hapana maradhi. Vijidudu hivi ndivyo vimlishavyo ng'ombe, na yule aliyetufundisha jinsi ya kuvitoa tumboni vikiwa hai, kuvihesabu na kupima kazi yao ni Robert Hungate, mtaalamu wa Kimarekani aliyezaliwa mwaka 1906 katika mji mdogo wa Cheney, jimbo la Washington, akafariki mwaka 2004.

Kwanza tuliweke wazi swali lenyewe. Bua la mahindi na punje ya mahindi zote mbili zimejengwa kwa sukari ya aina moja, iitwayo glukosi. Katika punje, glukosi zimeungana zikawa wanga; katika bua, zimeungana kwa namna nyingine zikawa nyuzi ngumu za selulosi. Tofauti ni katika kiungo tu, lakini kiungo hicho ndicho kinachotenga chakula cha mtu na chakula cha mnyama. Mate yetu na matumbo yetu yana vimeng'enya vya kukata viungo vya wanga, na kwa hiyo tunaishi kwa ugali. Vya kukata selulosi hatuna. La ajabu ni kwamba ng'ombe naye hana. Mwili wake hautengenezi hata chembe ya kimeng'enya cha kukata selulosi, wala mbuzi, wala kondoo, wala nyati. Basi ni nani alaye mabua?

Hungate hakuanza na ng'ombe. Alianza na mchwa. Akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, alijiunga na Mholanzi C. B. van Niel, mwalimu mashuhuri wa elimu ya bakteria aliyekuwa akifundisha katika kituo cha chuo hicho kando ya bahari, mjini Pacific Grove. Naye Hungate akawa mwanafunzi wa kwanza kufikishwa na van Niel kwenye shahada ya udaktari, mwaka 1935. Wakati huo ilikwisha kujulikana kwamba mchwa wale wa huko, wanaokula mbao, wana protozoa wengi matumboni, na kwamba wakiondolewa protozoa hao hufa njaa hata kama mbao zimewazunguka. Hungate akataka kujua ni kitu gani hasa protozoa wanampa mchwa. Akathibitisha kwamba protozoa huichachusha selulosi, na katika kuchachusha hutoa hewa ya ukaa, hidrojeni, na tindikali ya siki; na tindikali hiyo ndiyo chakula cha mchwa. Kwa maneno mengine, mchwa hali mbao. Hula takataka zitokazo kwa walao mbao.

(Msomaji wa Afrika ya Mashariki asiwachanganye mchwa hao na wale wetu wajengao vichuguu virefu. Hawa wa vichuguu, wa jamii ya Macrotermes, hawana protozoa wa namna ile. Wao hulima ukungu ndani ya kichuguu chao, na ukungu ndio unaowavunjia majani. Ni ushirikiano wa aina nyingine, nao unastahili makala yake.)

Mwaka huo huo wa 1935 Hungate alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Texas, nchi ya ng'ombe, na haikuchukua muda mrefu akaanza kuuliza kuhusu ng'ombe lile lile aliloliuliza kuhusu mchwa. Protozoa katika tumbo la wanyama wacheuao walikuwa wamekwisha kuonekana zamani, tangu mwaka 1843, na wataalamu wawili wa Ufaransa, Gruby na Delafond. Lakini kuona si kujua. Kuna wenyeji katika tumbo hilo na kuna wapita njia, walioingia na majani au na maji ya kunywa. Ni yupi kati yao afanyaye kazi ya kuvunja selulosi? Ili kujibu, ilikuwa lazima kila kijidudu kitolewe, kioteshwe peke yake, kisha kijaribiwe.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Tumbo la kwanza la ng'ombe, ambalo wataalamu huliita rumeni, ni mahali pasipo na oksijeni. Lina joto la nyuzi 39 hivi, giza, unyevu, na hewa yake karibu yote ni hewa ya ukaa na methani. Vijidudu vilivyozoea makao hayo hufa vikipigwa na hewa tunayovuta sisi. Wachunguzi wengi walikuwa wakichukua maji ya tumbo, wakayapaka juu ya sahani za kuoteshea kwa desturi ya maabara, na yaliyoota ndiyo waliyoyaandika vitabuni. Matokeo yake ni kama ya mtu atakaye kuwajua wakulima wa kijiji, naye akawaandika wale tu aliowakuta wameketi barabarani saa nne asubuhi. Wakulima wako mashambani. Aliowaandika ni wengine.

Dawa aliyoipata Hungate ilikuwa rahisi kwa kuisimulia, na inahitaji mkono mwepesi kwa kuitenda. Aliacha sahani akachukua mirija ya kioo yenye kizibo cha mpira. Hewa ya ukaa aliipitisha kwanza juu ya shaba iliyochomwa moto, ili shaba ilinase kila chembe ya oksijeni iliyobaki, kisha akaiongoza kwa sindano ndefu mpaka ndani ya mrija, ikafukuza hewa ya kawaida. Kila mara mrija ulipofunguliwa, hewa ile safi iliendelea kutiririka, hata oksijeni isipate nafasi ya kuingia. Ndani ya mrija aliweka chakula alichokitengeneza kwa kuiga tumbo lenyewe: maji ya rumeni yaliyochemshwa ili yasiwe na uhai, chumvi za aina ile ile iliyomo katika mate ya ng'ombe, selulosi iliyosagwa laini mno, na agari, ambayo ni ute utokanao na aina fulani za mwani, wenye kuyeyuka kwa moto na kuganda kwa baridi. Aliongeza vitu vya kumeza mabaki ya oksijeni. Na rangi iitwayo risazurini ilitumika kama mlinzi, maana huwa ya waridi pakiwa na oksijeni, na hupotea ikiwa haipo.

Agari ikiwa bado ni maji, tone la maji ya tumbo lilitiwa, mrija ukazibwa, ukalazwa na kuzungushwa katika maji baridi. Ute ukaganda kama utando mwembamba kwenye ukuta wa kioo. Baada ya siku kadhaa, palipokuwa na kijidudu kilaji cha selulosi palitokea duara angavu katika utando ule mweupe. Selulosi ilikuwa imeliwa. Mtafiti aliweza kuliona kwa macho yake pale alipoketi.

Lakini ufundi huu ungebaki ufundi tu kama Hungate asingeuambatanisha na kanuni moja aliyoishikilia maisha yake yote. Aliizimua sampuli ya tumbo mara kumi, kisha mara kumi tena, na tena, mpaka ilipofikia sehemu moja katika milioni mia na zaidi. Kijidudu kinachoota kutoka katika mrija wa mwisho ni lazima kilikuwamo kwa wingi sana tumboni. Kile kinachoota katika mrija wa kwanza tu, hata kama kina uwezo wa kuvunja selulosi, ni mgeni au mchache, wala hakiwezi kutajwa kuwa ndicho kimlishacho ng'ombe. Na haikutosha kuwa wengi. Ilitakiwa pia kasi ya kazi yao, ikipigiwa hesabu, ilingane na kasi inayoonekana ndani ya mnyama aliye hai. Kwa maoni ya mwandishi huyu, kanuni hiyo ni kubwa kuliko mirija yenyewe, maana inamzuia mtafiti kukipenda mno kile ambacho kwa bahati tu kimekubali kuota mbele yake.

Mwaka 1945 alihamia Chuo cha Serikali cha Washington, mjini Pullman, na huko ndiko kazi kubwa ilikofanyika. Mwaka 1950 alichapisha maelezo marefu ya bakteria wa selulosi wasiopenda oksijeni, akiwemo yule aliyempa jina la Bacteroides succinogenes, ambaye siku hizi huitwa Fibrobacter succinogenes. Jamii nyingine, ya Ruminococcus, nayo ikachunguzwa katika miaka hiyo, na yeye mwenyewe mwaka 1957 akaeleza ile iitwayo Ruminococcus albus. Vijidudu hivi vilivyopatikana katika mirija ya mwisho vimeendelea kupatikana katika matumbo ya ng'ombe, kondoo na mbuzi popote vilipotafutwa.

Wakati huo huo, huko Cambridge, Uingereza, Barcroft na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 1944 kwamba tindikali zitokanazo na uchachushaji hupenya ukuta wa rumeni na kuingia katika damu. Kwa kuunganisha pande hizo mbili, picha ikakamilika. Vijidudu hukata selulosi vikapata sukari, na sukari hiyo huila vyenyewe. Hazimfikii ng'ombe isipokuwa takataka zao, nazo ni tindikali tatu hasa: ya siki, ya propioniki na ya butiriki. Nguvu anayoitumia ng'ombe kutembea, kuvuta jembe na kutengeneza maziwa, kama theluthi mbili yake au zaidi hutoka katika tindikali hizo. Ile ya siki hugeuzwa kuwa mafuta ya maziwa. Ya propioniki hupelekwa kwenye ini na kufanywa glukosi, maana ng'ombe alaye majani hupata sukari kidogo mno kutoka utumboni.

Kuna malipo ya pili. Vijidudu huongezeka, na kadiri chakula kinavyosogea mbele, navyo huchukuliwa pamoja nacho mpaka tumbo la nne, ambalo ndilo lenye vimeng'enya kama vya tumbo letu. Huko husagwa kama nyama. Aghalabu zaidi ya nusu ya protini anayoipata ng'ombe ni miili ya vijidudu vyake. Ni mfugaji aliye tumboni mwa mfugwa, na mwisho wa yote huchinja mifugo yake akala.

Sasa tuangalie kisa cha kusikitisha ambacho wafugaji wetu wanakijua. Ng'ombe amekata kamba usiku, ameingia ghalani, amekula mahindi mpaka akashiba. Asubuhi amesimama kimya, hacheui, tumbo limejaa maji, jioni amelala, kesho yake amekufa. Mwandishi aliwahi kumwona jike mmoja wa maziwa akiondoka hivyo, na majirani wakasema kalishwa sumu. Mwaka 1952 Hungate, pamoja na Dougherty, Bryant na Cello, walichapisha uchunguzi wa jambo hili kwa kondoo waliopewa nafaka au glukosi kwa wingi na kwa ghafula. Walifuata vijidudu saa baada ya saa. Wale wa kawaida, walao nyuzi, walipungua upesi na protozoa wakafa. Mahali pao palichukuliwa na bakteria mmoja, Streptococcus bovis, ambaye siku zote yumo kwa uchache, lakini akipata wanga mwingi huongezeka kwa kasi isiyo na mfano. Yeye hutoa tindikali ya maziwa, ile ya maziwa mgando, ambayo ni kali kuliko zile tatu. Rumeni ikachachuka kupita kiasi, ukuta wake ukaungua, maji ya mwilini yakavutwa kuingia tumboni, na damu yenyewe ikaelemewa na tindikali.

Kwa hiyo yule jike hakulishwa sumu. Alikufa kwa sababu wakazi wa tumbo lake walibadilishwa katika usiku mmoja. Na hapo ndipo panapotoka ushauri unaotolewa kila mahali, ambao mfugaji akiujua kwa sababu yake huushika vizuri zaidi kuliko akiamriwa: pumba na nafaka ziongezwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili au tatu, ili kila jamii ya vijidudu ipate nafasi ya kujipanga, na nyasi zisikosekane kamwe, kwa kuwa ndizo zimfanyazo mnyama acheue, na akicheua hutoa mate mengi yenye chumvi za kuzima tindikali. Ng'ombe mkubwa anaweza kutoa mate zaidi ya lita 100 kwa siku. Ng'ombe aliyekwisha kula ghala zima ni wa kuitiwa mganga wa mifugo saa ile ile. Pengine, baada ya kumsafisha tumbo, mganga humnywesha maji ya rumeni ya ng'ombe mzima, yaliyochotwa machinjioni. Yale yale tuliyosema hutupwa shimoni.

Katika miaka ya 1950 utafiti wa Hungate ulifika kwetu. Matokeo ya kazi aliyoifanya na G. D. Phillips na wenzao wengine juu ya wanyama wa Afrika ya Mashariki yalichapishwa mwaka 1959 na 1960. Walilinganisha ng'ombe wa asili wenye nundu na ng'ombe wa asili ya Ulaya waliolishwa nyasi kavu: chakula hukaa tumboni muda gani, huchacha kwa kasi gani, na sehemu gani huyeyushwa. Pia walichunguza wanyama wa porini. Njia yake ya kupima ilikuwa kuchukua yaliyomo tumboni mara tu mnyama alipofunguliwa, kuyaweka katika joto la mwili, na kuyapima katika dakika za mwanzo, kwa maana kila dakika ipitayo sampuli inazidi kuwa kitu cha chupani na kuacha kuwa tumbo.

Ilionekana kwamba wanyama wadogo, kama swala wadogo wa vichakani, huchachusha chakula kwa kasi kubwa zaidi kwa kila gramu kuliko ng'ombe. Sababu yake inaeleweka. Mnyama mdogo hupoteza joto upesi, na mahitaji yake kwa kila kilo ya mwili ni makubwa. Hana tumbo la kuweka bua siku tatu likichacha polepole. Ni lazima achague machipukizi, maua na matunda yachachayo upesi. Mtaalamu mwingine, Reinhold Hofmann, aliyefanya kazi Nairobi, aliendeleza habari hii kwa upande wa maumbile, na kitabu chake juu ya matumbo ya wanyama wacheuao wa Afrika ya Mashariki kilichapishwa Nairobi mwaka 1973. Aliwagawa katika makundi matatu: wachaguzi, kama digidigi na twiga, walaji wa nyasi, kama nyati na nyumbu, na wale wa katikati, kama swala pala, ambao hubadilika kwa majira. Mbuzi wetu yumo katika kundi la katikati, na ng'ombe katika la nyasi. Mfugaji ambaye mbuzi wake wananenepa juu ya vichaka ilhali ng'ombe wanakonda pale pale anayaona makundi hayo bila kitabu.

Turudi kwenye mabua, maana hapo ndipo penye njaa. Mwisho wa kiangazi, ng'ombe wa sehemu nyingi za nchi zetu hula mabua na nyasi zilizokauka mpaka matumbo yanavimba, na bado wanakonda. Mtu asiyejua husema chakula kipo. Kwa jicho la Hungate, chakula cha ng'ombe kipo, cha vijidudu hakipo. Selulosi wanayo tele. Wanachokosa ni naitrojeni ya kujengea miili yao. Katika mabua makavu protini aghalabu ni asilimia 3 hadi 5, ilhali vijidudu huhitaji kama asilimia 7 ili viweze kuongezeka vizuri. Visipoongezeka, bua haliliwi, lisipoliwa halitoki, lisipotoka hakuna nafasi ya kula jingine. Mnyama anakufa njaa tumbo likiwa limejaa.

Mtu mwenye kujua hivyo hatafuti tena kitu cha kumshibisha ng'ombe. Anatafuta kitu kidogo cha kuwapa wakazi wa tumbo naitrojeni: majani ya kunde na maharage yaliyoanikwa mara baada ya mavuno, mashudu ya pamba au alizeti kiasi cha konzi kadhaa, majani ya miti ya jamii ya mikunde. Urea, ile mbolea ya shambani, nayo hufaa, kwa sababu vijidudu huigeuza amonia na amonia wakaifanya protini. Njia iliyo salama zaidi ni kuyatayarisha mabua kwanza: kilo 4 hadi 5 za urea huyeyushwa katika lita 50 hivi za maji, zikanyunyiziwa sawasawa kilo 100 za mabua makavu yaliyokatwakatwa, kisha yakafunikwa barabara yasipitishe hewa kwa muda wa wiki tatu. Amonia hulainisha nyuzi, na sehemu yake hubaki kuwa chakula. Yakifunuliwa, yaachwe kwanza yapungue harufu. Urea isiwekwe kamwe katika maji ya kunywa wala isiachwe mahali ng'ombe ataweza kuilamba, maana amonia ikizidi ghafla humwua kwa muda mfupi. Na ndama ambaye tumbo lake la kwanza halijaanza kazi asipewe kabisa.

Njia hii imefundishwa kwa miaka mingi na katika sehemu nyingi haikushika. Si kwa ujinga wa wafugaji. Urea ina bei, turubai lina bei, maji ya kiangazi ni ya kuchota mbali, na mwenye mfuko mmoja wa mbolea ataupeleka kwenye mahindi yake. Kwa hiyo mwandishi angeanza na majani ya kunde yanayoachwa yaoze shambani, kabla ya kumtuma mtu dukani.

Mfano mmoja zaidi waonyesha mirija ya Hungate ilivyofika mbali. Mlusina ni mti ulioenezwa sana katika nchi za joto kwa ajili ya kuni na malisho. Majani yake yana protini nyingi. Lakini yana pia sumu iitwayo mimosini, ambayo tumboni hugeuka kuwa sumu nyingine. Ng'ombe wa Australia walioula kwa wingi walinyonyoka manyoya, wakavimba tezi ya shingo na kukonda, ilhali mbuzi wa visiwa vya Hawaii waliula wasipate dhara. Raymond Jones, mtafiti wa Australia, alifikiri kwamba tofauti haimo katika mnyama. Imo katika wakazi wa tumbo lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 maji ya tumbo la mbuzi wa Hawaii yalipelekwa Australia, yakatiwa katika matumbo ya wanyama wa huko, na wakaweza kula mlusina. Kijidudu chenyewe kilitengwa, kwa njia zilizotokana na ile ya Hungate, na mwaka 1992 kikapewa jina la Synergistes jonesii, kwa heshima ya Jones.

Hungate mwenyewe alihamia Chuo Kikuu cha California, mjini Davis, mwaka 1956. Mwaka 1958 yeye na mwanafunzi wake Paul Smith walieleza kijidudu kitengenezacho methani katika rumeni, na mwaka 1967 akaonyesha jambo la hila kidogo: kwamba hidrojeni, ambayo karibu haionekani kabisa katika hewa ya tumbo, kwa kweli hutengenezwa kwa wingi kila saa. Haionekani kwa sababu watengenezaji wa methani huinyakua mara itokeapo. Kwa kuinyakua huwafungulia njia wenzao wavunjao selulosi, ambao wangekwama kama hidrojeni ingerundikana. Methani hiyo ng'ombe huicheulia hewani, na kwa kila sehemu mia za nguvu iliyomo katika chakula chake, sehemu 2 hadi 12 hupotea kwa njia hiyo. Zamani ilihesabiwa kuwa ni hasara ya mfugaji tu. Siku hizi inahesabiwa pia katika kupanda kwa joto la dunia, na wataalamu wanaotafuta namna ya kuipunguza wanakutana na onyo lililomo katika kazi ya mwaka 1967: anayewafukuza watengenezaji wa methani ni lazima aipatie hidrojeni mahali pengine pa kwenda.

Kitabu chake kikubwa juu ya rumeni na vijidudu vyake kilitoka mwaka 1966, na wanafunzi wa lishe ya wanyama bado wanakirejea. Mwaka 2018 wataalamu wa nchi mbalimbali walitangaza kwamba wamekwisha kusoma maandishi ya urithi ya vijidudu 410 vya rumeni vilivyooteshwa maabara, katika mpango walioupa jina la Hungate1000. Elfu moja lilikuwa lengo. Vingi vya vilivyobaki vinajulikana kwa alama zao za urithi tu, zilizookotwa katika maji ya tumbo. Bado havijakubali kuota katika mrija wowote.